Safari ya Neno "Prana": Kutoka Pumzi hadi Nishati

Utangulizi

Tarehe 21 Juni ya kila mwaka huadhimishwa Siku ya Kimataifa ya Yoga. Siku hiyo iliidhinishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwezi Desemba 2014, ikaadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2015. Mwaka 2016 kamati ya UNESCO iliyokutana Addis Ababa, Ethiopia, iliingiza yoga ya India katika orodha ya urithi wa utamaduni usiogusika. Kwa hiyo habari za yoga hazisomwi tena na watu wenye asili ya India peke yao. Zinapofika mezani kwa mtafsiri wa Kiswahili, neno moja humkwamisha kuliko mengine yote, nalo ni prana.

Wanafunzi wetu wa tafsiri wakikutana na neno hili, wengi huandika "nishati ya maisha". Wakiulizwa wamelipata wapi, huonyesha maandishi ya Kiingereza. Hatuwalaumu, kwani vitabu vingi vya yoga vinavyopatikana kwetu vimeandikwa kwa lugha hiyo, na vyenyewe husema hivyo. Hata hivyo, sisi walimu wa lugha hatuna budi kuuliza: Je, nishati hiyo ilikuwamo katika neno tangu mwanzo, au iliingia njiani? Makala haya yanafuatilia historia ya neno prana tangu Veda hadi maabara za leo. Tunakusudia kuonyesha kwamba nishati ni mgeni wa juzi katika neno hili, na kwamba Kiswahili kikienda chenyewe kwenye chanzo hukuta maneno yake yanatosha.

Suala hili si la kamusi tu. Mgonjwa wa shinikizo la damu akisoma kwamba mazoezi fulani yatamjaza "nishati", anaweza kuamini kuwa hicho ni kitu kilichopimwa kama umeme unavyopimwa, akaacha dawa zake. Msomaji mwingine akikuta neno "roho", anaweza kudhani anaalikwa katika ibada isiyo yake, akafunga kitabu. Mtafsiri ana dhamana kwa wote wawili.

Mzizi wa neno

Prana ni neno la Kisanskriti. Limeundwa kwa kiambishi pra-, chenye maana ya "mbele" au "kwenda mbele", na mzizi an, "kupumua". Mzizi huo una ndugu zake Ulaya: anemos la Kigiriki, yaani "upepo", na anima la Kilatini, ambalo lilibeba maana za pumzi, uhai na roho kwa pamoja. Kwa hiyo tangu asili prana ni pumzi itokayo na kuingia, ile ambayo mtu yeyote anaweza kuisikia puani mwake.

Rigveda, mkusanyiko wa tenzi 1,028 uliotungwa takriban kati ya mwaka 1500 na 1000 K.K., unautumia mzizi huu mahali pazito. Katika utenzi wa uumbaji wa kitabu cha kumi, mtunzi anawazia wakati ambao hakukuwa na mauti wala uzima, usiku wala mchana. Kilikuwapo Kimoja tu, nacho kilikuwa kikipumua pasipo upepo. Utenzi mwingine wa kitabu hichohicho unasimulia kuwa upepo wa ulimwengu ulizaliwa kutokana na pumzi ya Mtu wa asili, Purusha. Baadaye Atharvaveda ikaitungia prana utenzi mzima, ikiisifu kama ngurumo inayotangulia mvua, ambayo mimea huifurahia.

Tuzingatie kwamba hadi hapa pumzi ya mtu na upepo wa dunia ni kitu kimoja kwa sura mbili. Mtunzi wa Veda hakuwa na haja ya kutenganisha hewa, uhai na nguvu. Neno moja lilitosha kwa yote.

Ugomvi wa viungo

Maandiko yaliyofuata, yaani Upanishadi, yaligeuza wazo hili kuwa falsafa. Upanishadi mbili kongwe, Brihadaranyaka na Chandogya, huwekwa na wataalamu wengi katika karne ya 7 hadi ya 6 K.K. Zote mbili zina hadithi moja ambayo mwalimu yeyote wa fasihi simulizi angeifurahia.

Inasemekana siku moja viungo vya mwili viligombania ukubwa. Vikaenda kwa Prajapati, baba wa viumbe, ili awaamulie. Akajibu kuwa aliye mkubwa ni yule ambaye akiondoka, mwili utaonekana kuwa katika hali mbaya kuliko zote. Usemi ukaondoka mwaka mzima. Uliporudi ulikuta mwili ungali hai, kama bubu asiyesema lakini anapumua. Jicho likaondoka, likarudi, likakuta mwili umeishi kama kipofu. Sikio nalo likakuta umeishi kama kiziwi. Akili ikaenda na kurudi, ikakuta mwili umeishi kama mtoto mchanga asiyejua jambo. Hatimaye pumzi ikajiandaa kuondoka. Hapo vingine vyote vikaanza kung'oka, kama farasi wa nguvu ang'oavyo vigingi alivyofungiwa. Vikapiga kelele: usiende, wewe ndiwe mkubwa wetu. Chandogya inamalizia kuwa ndiyo sababu viungo hivyo vyote haviitwi ndimi, macho wala masikio. Vyote huitwa prana.

Hadithi hii inatueleza jinsi maana ilivyopanuka. Pumzi ni uhai kwa sababu ndiyo pekee ambayo ikiondoka, vingine haviwezi kubaki. Hiyo ni hoja inayotokana na kuangalia mwili, nayo haihitaji nishati yoyote ya siri. Kiswahili kinaifikia hoja hiyohiyo kwa njia yake: mtu akifa, twasema amekata roho, na maana hiyo hueleweka vilevile tukisema pumzi zimemkatika.

Upanishadi ziliendelea kuigawa prana katika kazi tano: prana yenyewe, ya kifuani na puani, apana, ya kushuka chini na kutoa taka, vyana, ya kuenea mwilini, udana, ya kupanda juu, na samana, ya kusawazisha chakula tumboni. Hizi tano ziliitwa pia vayu, yaani upepo. Tutalirudia neno hili, kwani lina mtego kwa mtafsiri wa Kiswahili.

Buddha na Patanjali: kukaza pumzi au kuitazama?

Kufikia karne ya 5 K.K. kulikuwa na watawa India waliokuwa wakizuia pumzi kama namna ya kujitesa ili wapate ukombozi. Maandiko ya Kipali yanasimulia kwamba Buddha mwenyewe, kabla ya kuamka kiroho, alijaribu kuziba pumzi ya mdomoni, puani na masikioni, akapata maumivu makali ya kichwa na joto la mwili, na ukombozi asiupate. Baadaye alifundisha njia nyingine. Katika hotuba iitwayo Anapanasati, mtawa hakazi pumzi wala hailazimishi. Anajua tu kuwa anavuta ndefu au fupi, na kwa hatua 16 anatoka katika kuutazama mwili hadi kuitazama akili. Taamuli nyingi zinazofundishwa leo hospitalini na shuleni, za kukaa kimya na kufuata pumzi, zina asili yake huko.

Kitabu cha Yoga cha Patanjali, chenye vifungu vifupi 195 au 196 kutegemea nakala, huwekwa na wataalamu kwenye takriban mwaka 400 B.K. Humo yoga ina ngazi nane, na ya nne ni pranayama. Neno hili huunganisha prana na ayama, ambalo wengine hulisoma kama "kuzuia" na wengine kama "kurefusha". Maelezo ya Patanjali ni ya kiasi sana: baada ya mkao kutulia, mwendo wa pumzi ya kuingia na ya kutoka hukatizwa, ukapimwa kwa mahali, muda na hesabu. Faida yake ni kwamba kinachofunika nuru ya ndani hupungua, na akili huwa tayari kwa taamuli. Katika maelezo haya prana ni pumzi, na lengo ni akili. Mwanafunzi anayetafsiri pranayama ya Patanjali kuwa "kudhibiti nishati" ameweka katika kinywa cha mwandishi jambo asilolisema pale.

Hatha yoga: mishipa 72,000

Mabadiliko makubwa yalikuja katika karne za 11 hadi 15, ilipokua hatha yoga. Kitabu chake kijulikanacho zaidi, Hathapradipika cha Svatmarama, kiliandikwa katika karne ya 15. Humo mwili una mishipa 72,000 inayopitisha prana, hesabu iliyokwishatajwa katika Brihadaranyaka. Mitatu ndiyo mikuu: Ida upande wa kushoto, Pingala upande wa kulia, na Sushumna katikati. Kazi ya mwanayoga ni kuitoa prana kwenye mishipa ya pembeni na kuiingiza ya katikati. Pumzi ikitikisika akili hutikisika, pumzi ikitulia akili hutulia. Svatmarama ameeleza namna nane za kuibana pumzi, akaonya kuwa pumzi ifugwe polepole, kama simba, tembo au chui anavyofugwa. Anayeiharakisha, itamuua.

Hapa tunakiri kuwa neno "pumzi" peke yake halitoshi tena. Hewa haipiti katika mishipa 72,000, na waandishi wa hatha yoga hawakuwa wakieleza mapafu. Prana sasa ni kitu chepesi kinachosafiri mwilini, ambacho pumzi ni mlango wake tu. Lakini hata hapa hakikuwa nishati kwa maana ya wanafizikia. Kiliitwa upepo.

Al-Biruni na ndugu wa Kiarabu

Kabla Kiingereza hakijalifikia neno hili, lilikwishapita katika lugha ambayo imekipa Kiswahili maneno mengi. Mwanachuoni Al-Biruni, aliyezaliwa Khwarazm mwaka 973, alijifunza Kisanskriti na kukitafsiri kitabu cha Patanjali kwa Kiarabu mwanzoni mwa karne ya 11. Alikipanga upya kwa maswali na majibu ili kiwe rahisi kwa msomaji wake. Katika kitabu chake kikubwa juu ya India, alilinganisha mawazo ya Wahindi na yale ya Wagiriki na Masufi, pasipo kuyafanya kuwa kitu kimoja.

Hakuwa peke yake. Kitabu kingine cha yoga, kiitwacho Amritakunda, kilipata tafsiri ya Kiarabu kwa jina la Hawd al-Hayat, yaani hodhi la uhai. Katikati ya karne ya 16 Shaykh Muhammad Ghawth wa Gwalior, Sufi wa tarika ya Shattari, alikiandika upya kwa Kiajemi kwa jina la Bahr al-Hayat, bahari ya uhai. Nakala yake yenye picha za mikao ya yoga, iliyotengenezwa mwanzoni mwa karne ya 17 kwa ajili ya mwanamfalme Salim, ambaye baadaye alitawala kwa jina la Jahangir, imehifadhiwa katika Maktaba ya Chester Beatty, Dublin.

Kiarabu kilikuwa na vifaa vya kazi hiyo. Nafas ni pumzi na nafs ni nafsi, na yote mawili hutoka mzizi mmoja, n-f-s. Ruh ni roho na rih ni upepo, nayo pia ni ndugu. Kiswahili kilipokea nafsi, nafasi, roho na uhai, hata hayati, neno la "uhai" ambalo sisi humwitia aliyekwisha kufariki. Kwa maneno mengine, msamiati wa pumzi na uhai tulionao tayari umepita karibu na historia hii. Hatuanzi na mikono mitupu.

Nishati iliingiaje?

Mwaka 1847 Hermann von Helmholtz wa Ujerumani alichapisha maelezo ya kanuni kwamba nguvu katika maumbile haiumbwi wala haipotei, bali hubadilika sura. Kufikia mwisho wa karne hiyo, nishati lilikuwa neno la fahari katika sayansi: umeme, joto, mwanga na mwendo viliunganishwa chini yake. Wakati huohuo jumuiya za kiroho za Ulaya na Marekani, kama Theosophical Society iliyoanzishwa New York mwaka 1875, zilikuwa zikitafuta lugha ya kisayansi ya kuelezea mambo ya rohoni.

Hapo ndipo alipoingia Swami Vivekananda, aliyezaliwa Kolkata mwaka 1863 na kupata umaarufu katika Bunge la Dini za Dunia lililofanyika Chicago mwaka 1893. Mihadhara yake ya New York ilikusanywa katika kitabu Raja Yoga, kilichochapishwa mwaka 1896. Humo alifundisha kwamba prana ni jumla ya nguvu zote za ulimwengu: mvutano wa dunia, sumaku, mikondo ya neva, hata mawazo. Pumzi, kwa maelezo yake, ni namna mojawapo tu ya kuikamata nguvu hiyo. Mwaka huohuo alikutana na mhandisi Nikola Tesla, akiwa na matumaini kuwa hesabu za sayansi zingethibitisha mafundisho hayo.

Tusimwonee Vivekananda. Alikuwa akizungumza na wasikilizaji wa Marekani, wakati India ikiwa chini ya Waingereza, na falsafa yake ikidharauliwa kama ushirikina. Kuitafsiri prana kwa lugha ya fizikia kulikuwa kuidai heshima. Ila tafsiri ile ilikuwa ya wakati wake na kwa haja yake. Wengi waliomfuata waliisahau haja, wakabaki na neno.

Maabara ilipima nini?

Mwaka 1924 Swami Kuvalayananda alianzisha taasisi ya Kaivalyadhama huko Lonavla, India, pamoja na jarida la Yoga Mimamsa, ili yoga ichunguzwe kwa vifaa vya maabara. Utafiti wa namna hiyo umeendelea kwingi. Mfano unaotuvutia ni ule wa Luciano Bernardi na wenzake wa Italia, uliochapishwa mwaka 2001. Waliwapima watu wazima 23 wenye afya wakisali rozari kwa Kilatini, na wakikariri mantra ya yoga. Katika hali zote mbili pumzi zilipungua hadi karibu 6 kwa dakika, wakati mtu mzima aliyetulia kwa kawaida hupumua mara 12 hadi 20. Mwendo huo wa sekunde 10 kwa pumzi hulandana na mawimbi ya asili ya shinikizo la damu, na mfumo unaorekebisha shinikizo hilo ukawa mwepesi zaidi kujibu. Aidha, mtu anapotoa pumzi polepole, neva ya vagasi hupunguza mapigo ya moyo.

Matokeo haya yana maana kwa afya, ingawa hayachukui nafasi ya daktari. Kwa mwanalugha yana maana ya pili: kilichopimwa ni pumzi, moyo na damu. Prana kama nishati haina kipimo wala kizio. Na sala ya Kikatoliki ilitoa matokeo sawa na mantra, pasipo msali kujua lolote juu ya prana.

Kiswahili kiseme nini?

Tukirudi darasani, tunapendekeza mtafsiri aulize kwanza: ni prana ya karne gani?

Kwa Veda na Upanishadi, "pumzi" inatosha, na pale inapobeba uzito wa uhai, "pumzi ya uhai". Msomaji aliyelelewa na habari ya Adamu kupuliziwa puani ataielewa mara moja. Kwa Patanjali, pranayama ni "kudhibiti pumzi". Kwa hatha yoga, neno libaki prana, lielezwe mara moja, kisha litumike kwa upatanisho wa ngeli ya I-ZI: prana hii inapanda, inashuka. Kwa Vivekananda na waliomfuata tuandike "nguvu" au "nishati", tukitaja kuwa ni fasiri yake.

Neno "roho" litumiwe kwa uangalifu. Kwa Waislamu na Wakristo limejaa itikadi tayari. Nchini Rwanda, kwa mfano, Wakatoliki husema Roho Mutagatifu, kwa neno lililopitia Kiswahili, ilhali Waprotestanti husema Umwuka Wera, kwa neno la Kinyarwanda lenye maana ya pumzi na hewa. Waganda nao hutofautisha omukka, pumzi, na omwoyo, roho. Wanafunzi wa lugha hizi wana hazina ya kulinganisha, na mwalimu awaachie waitumie.

Mtego tuliouahidi ni vayu. Maana yake ni upepo, nazo ziko tano. Mwanafunzi mwangalifu wa sarufi ataandika wingi wake, "pepo tano za mwilini", na msomaji wa pwani ataanza kuuliza ngoma itachezwa lini na mganga ni nani. Hapa afadhali kuandika "upepo wa aina tano".

Hitimisho

Neno prana limesafiri takriban miaka elfu tatu. Lilianza puani, likawa uhai wote, likaingia katika mishipa isiyoonekana, na mwishoni mwa karne ya 19 likavishwa joho la fizikia. Kila hatua ni ya kweli katika historia yake, lakini hatua moja isifanywe kuwa safari nzima. Mtafsiri anayeanzia kwenye Kiingereza huanzia mwaka 1896. Anayefuata njia yenyewe hukutana na hadithi ya viungo, onyo la Svatmarama na uangalifu wa Al-Biruni.

Walimu wenzetu wanaweza kulijaribu hili kama zoezi la kipindi kimoja: wape wanafunzi sentensi nne zenye prana kutoka vipindi vinne vya historia, wazitafsiri, kisha kila mmoja atetee neno alilolichagua. Mjadala utakuwa mrefu, na watakaoshindwa kutetea "nishati" watakuwa wamejifunza kuuliza neno limetoka wapi kabla ya kulipokea.